Madoa ya Fungu la Novemba

Nyumba ya Kangas,
Barabara ya Kinu cha Zamani,
Kivi Lake, Michigan.

Jumapili, 26 Januari 2020.

Mpendwa dada yangu Elma,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. U hali gani? Kifua kinasemaje? Shemeji Orville naye na goti lake? Siku ya Krismasi nilisikia unahema vizuri kwenye simu nikafurahi, ila wewe hukunisikia hata neno moja. Mimi nauliza habari za daktari, wewe unanijibu habari za mbwa. Mume wangu Waino alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo maana nakuandikia. Mwandiko wangu mbaya, lakini angalau haukwarui masikioni.

Sisi hatujambo. Mgongo wa Waino ni ule ule. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, na juzi alipanda juu ya paa kuisukuma kwa koleo, miaka sitini na sita ile. Nilimshikia ngazi huku namtukana.

Binti yetu Tessa hajambo pia. Nakwambia hilo mapema ili usome yanayofuata bila moyo kukuruka. Hajagusa vile vidonge vya kulevya, sasa ni miaka miwili na miezi minne. Anakula, ana nyama mashavuni. Lakini barua hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili yangu, na nimeianza mara tatu nikaichana.

Dada, nimebanwa. Sijui kulisema vingine.

Wewe uliondoka mimi bado nikiwa kwenye meza ya kupakia. Huu ni mwaka wa sita niko kwenye simu za wateja. Kiwanda ni kile kile na kazi ni ile ile, vichwa vya risasi, ile ncha ya shaba peke yake. Mtu ananunua boksi la vichwa mia moja anakwenda kujijazia mwenyewe nyumbani, ganda, baruti, kichwa, kama baba alivyokuwa akifanya kule ghalani. Unakumbuka tulikuwa haturuhusiwi hata kupiga chafya.

Watu wa namna ya baba hawajabadilika. Wanapima baruti kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Wakifungua boksi jipya wakakuta vichwa vina madoa, hawanyamazi.

Walianza kupiga baada ya Mwaka Mpya. Wa kwanza ni bwana mmoja wa Ohio. Akasema vichwa vyake vimekuwa na mabaka ya kahawia na zambarau, kama shati lililomwagikiwa chai. Mimi nina kadi mezani, ya maneno ya kuwasomea wateja. Inasema: madoa ni ya juu tu, hayadhuru. Halafu inaniamuru niulize, je, mteja alivishika kwa mikono yenye jasho?

Nikamuuliza. Akanijibu, “Bibi, boksi lina vichwa mia moja. Mimi nina vidole tisa. Nitolee hesabu.”

Nilicheka, naye akacheka, nikaandika namba ya fungu kwenye kikaratasi. Hiyo ni namba iliyopigwa mhuri pembeni mwa boksi, inayoonyesha vichwa vile vilitengenezwa siku gani na vilipita mikononi mwa nani. Siku ya pili akapiga mwingine. Namba ile ile. Wa tatu alipoanza kuisoma, mimi nilimtangulia moyoni mpaka tarakimu ya mwisho, na mkono wangu ukaacha kuandika.

Lilikuwa fungu la tarehe kumi na nne Novemba.

Dada, huko Arizona mmeshasahau, lakini unajua tarehe hiyo ilivyo hapa kwetu. Ndio mkesha wa kulungu. Kesho yake msimu wa kuwinda unafunguliwa, shule zimefungwa, na mtu anayeonekana bado yuko mjini saa tisa mchana anachekwa mpaka Pasaka. Kiwanda kinachowatengenezea risasi watu wa nchi nzima, siku hiyo hakibaki na hata mtu wa kuzima taa. Mwaka jana iliangukia Alhamisi. Tulifunga saa sita mchana, kurudi ni Jumatatu.

Tessa anafanya kazi chumba cha kuoshea. Vichwa vikitoka kwenye mashine vina mafuta, basi anaviosha kwenye mapipa yanayozunguka yenye maji na dawa, kisha anavikausha kwa hewa ya moto saa mbili nzima, ndipo anatia sahihi kwenye kadi ya fungu kwamba vimekauka. Hiyo sahihi ndiyo kiapo chake.

Siku ile Waino alikuwa nje anapiga honi, trela imeshafungwa, theluji inaanza. Nikaingia chumba cha kuoshea na koti langu mwilini. Pipa lilikuwa ndiyo kwanza limesimama, vichwa vimo majini.

Tessa akasema, “Mama, bado saa mbili za kukausha. Nyie tangulieni, nitakuja na mtu.”

Na mimi, mama mzima, nikasema, “Mtu gani? Wote wameshaondoka. Kulungu hawangoji risasi zikauke, mtoto wewe. Tia sahihi twende, baba yako ataipasua hiyo honi.”

“Na haya maji?”

“Yatakauka yenyewe.”

Akaniangalia, akatia sahihi. Aliitia kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Nikueleze kwa nini nilikuwa na haraka. Miaka minne Tessa hakukanyaga kambini kwetu kwa kuwindia. Wakati wa vidonge baba yake hakutaka hata jina lake litajwe kule. Safari hii alimwekea kiti. Nilitaka watu wamkute amekaa kwenye kiti kile tangu jioni ya kwanza, karibu na baba yake, na sahani mkononi. Hilo tu. Na alikaa, dada. Alikaa, na Waino akamkatia nyama mwenyewe.

Jumatatu Tessa alivikuta vichwa bado vimezama, siku nne. Akavisuuza, akavikausha, akavipaka dawa ya kung'arisha, vikang'aa kama vipya. Akaniambia kwenye chakula cha mchana, nikamwambia ashukuru Mungu asirudie. Vikapakiwa, vikaenda. Kumbe ile dawa ilikuwa imeshaila shaba, na madoa yalitokeza polepole ndani ya maboksi, wiki hata wiki.

Sasa utaniuliza, kwa nini sikusema? Msimamizi wetu, Bwana Rudy, alipompokea Tessa kazini aliniita ofisini akafunga mlango. Akasema, “Arlene, simpokei yeye, napokea neno lako. Akichelewa nitamvumilia. Akivunja kitu nitamvumilia. Lakini akiandika uongo kwenye kadi, siku hiyo hiyo anatoka.” Nikampa mkono.

Na akitoka aende wapi? Hapa mjini pamebaki kiwanda na baa. Wale waliomuuzia vidonge ndio hao wanaokaa baa. Wewe hukumwona kwenye sakafu ya bafu. Mimi nilimwona. Mtoto akikunyea mkono huukati, na mimi mkono wangu nilikuwa tayari kuupeleka popote.

Basi kila aliyepiga kuhusu madoa nilimtumia boksi jipya, maana hilo naruhusiwa, halafu kwenye daftari nikaandika: mteja ametupa boksi, namba haijulikani. Mara kumi na moja niliandika hivyo. Mwandiko wenyewe ulianza kunichukia.

Alhamisi iliyopita akapiga mzee mmoja wa Kansas, Odell Stucky. Sauti ya taratibu, ya mtu anayeongea amekaa kwenye kiti chake. Akasema amevisugua vichwa kwa siki, madoa hayatoki. Viwili shaba imelika kwenye ncha, unaona kwa kioo cha kukuzia. Nikamsomea kadi. Aliniacha nisome mpaka mwisho, hata lile swali la jasho.

Akasema, “Mama, hiyo umesoma. Sasa naomba uniambie wewe.”

“Nikuambie nini, mzee?”

“Ningekuwa nazipiga mimi mwenyewe, nisingekusumbua. Nimezeeka. Lakini nimemjazia mjukuu wangu wa kike, atalenga nazo shabaha wiki ijayo, na uso wake utakuwa hapa hapa kwenye bunduki. Zinafaa au hazifai?”

Dada, sijui kama zinafaa. Huo ndio ukweli. Labda hazina neno lolote. Yupo bwana wa vipimo kule nyuma ambaye angelijua jibu kwa asubuhi moja, lakini atapimaje kitu ambacho hajaambiwa kilitokea? Na asiyemwambia ni mimi. Nikamwambia yule mzee kadi inasema hazidhuru. Akasema asante, akaweka simu. Nilitamani anitukane.

Nilidhani hapo ndipo chini kabisa. Kumbe bado.

Bwana Rudy naye alikuwa anatafuta chanzo. Daftari langu halina namba, kwa hiyo hakuweza kujua kwamba ni fungu moja. Akaona labda ni kwenye kupakia. Ijumaa asubuhi akapekua droo za meza za kupakia, na kwenye droo ya Doreen Maki akakuta kopo la mafuta ya mikono. Unamkumbuka Doreen, tuliyebatizwa naye siku moja. Mikono yake inapasuka kila baridi mpaka damu. Wanatakiwa kuvaa glavu, na anavaa, lakini Bwana Rudy akasema mafuta yanapenya glavu, hayo ndiyo madoa.

Doreen alipita kwenye meza yangu amevaa koti, mfuko mkononi. Nikamuuliza, “Unakwenda wapi saa hizi?”

“Nyumbani, mwenzangu. Nimesimamishwa. Miaka ishirini na saba, halafu nimeondolewa na kopo la mafuta ya kondoo.” Akajaribu kucheka. “Wateja wamenuna, ati nimezipaka manukato risasi zao.”

“Doreen,” nikasema.

“Usinilie. Ukilia na mimi nitalia, na kope zangu zitaganda nikitoka nje.”

Akaenda. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Na huo niliutega mimi, kwa kalamu ya kiwanda.

Saa ya chakula nilikwenda kukaa garini nikampigia yule mzee wa Kansas kwa simu yangu mwenyewe. Tukipatikana tumefanya hivyo tunafukuzwa. Nikamwambia, mzee, usizipige hizo risasi. Vile vichwa vilikaa kwenye maji ya dawa siku nne, na aliyesema viachwe ni mimi.

Akasema, “Nimeshajaza kumi na saba. Basi nitakaa leo nizing'oe moja moja.”

“Nisamehe, mzee.”

“Mjukuu atanuna, lakini atanuna akiwa na macho mawili.” Kisha akasema jambo ambalo sijui nitaliweka wapi. “Unajua, mama, mke wangu amenicheka wiki nzima. Kila nikienda mezani nanawa mikono kwa sabuni kwanza. Nilishaamini ni mikono yangu.”

Kumi na mmoja nilishawauliza kuhusu jasho kabla yake. Na wao watakuwa wananawa?

Jana Jumamosi tukawasha sauna kama kawaida. Waino akatangulia kuoga, kisha ikawa zamu yetu wanawake. Nilikuwa nimeazimia nimwambie Tessa humo, maana humo mtu hawezi kuinuka akaondoka hivi hivi, nje ni theluji na yeye hana nguo. Ni hila, najua. Nikamwaga maji juu ya mawe, mvuke ukapanda, nikaanza, “Tessa, yale madoa ya Doreen...”

Akasema, “Mama, najua.”

“Unajua nini?”

“Najua ni fungu langu. Boksi moja lililorudishwa lilipitia chumbani kwetu wiki ya pili ya Januari. Mimi naosha vichwa hivyo kila siku. Unafikiri sitayajua madoa yangu?”

“Na ukanyamaza?”

“Wewe ulinyamaza. Nikasema, mama yuko kwenye simu, mama ameshajua, akinyamaza ana sababu. Kila asubuhi garini nangoja useme. Wewe unaniuliza nimekula. Nimekula, mama! Nimekula!”

Nikamwambia nilikuwa namlinda. Nikamwambia Bwana Rudy alisema nini siku ile mlango ulipofungwa, maana hilo hakulijua. Alijifuta uso, sijui jasho sijui machozi.

Akasema, “Kwa hiyo Doreen ametolewa ili mimi nikae. Na wewe ungeniangalia nakaa hapo mwaka mzima, nikimpita Doreen dukani, na unasema hiyo ni dawa? Mama, kitu nilichokuwa nakimezea vidonge ni hiki hiki. Kujua jambo na kutabasamu.”

Nikamwaga maji mengine juu ya mawe.

“Unanificha kama bado naumwa,” akasema. “Siumwi. Nilikosea kazi. Watu wazima wanakosea kazi.”

Basi tumekubaliana kesho saa moja asubuhi twende kwa Bwana Rudy, kabla simu hazijafunguliwa. Hatujakubaliana nani aanze. Mimi nasema mdomo ulikuwa wangu, yeye anasema sahihi ni yake, na tumebishana hilo mpaka kwenye kuosha vyombo. Waino tumemwambia. Alikaa, akavaa viatu, akatoka kwenda kusukuma theluji ambayo haikuwepo.

Leo kanisani Doreen alikaa safu mbili mbele yangu. Ulipofika wakati wa kupeana amani nikajificha kwenye kitabu cha nyimbo, lakini alinifuata yeye. Akanishika mikono yote miwili kwa ile mikono yake iliyopasuka akasema, “Amani iwe nawe, Arlene. Usikonde kwa ajili yangu, nina akiba ya makopo ya supu mpaka masika.” Nikasema na iwe nawe pia. Ndivyo nilivyosema, dada. Nilikuwa na neno moja tu la kumpa, nikampa lile la kwenye kitabu. Tessa aliona. Hakunilaumu, alinishika kiwiko tu.

Nikisema ukweli, sehemu yangu moja bado inataka kesho isifike. Naomba theluji ifunge barabara. Namwangalia Tessa hapa, anapiga pasi shati lake la kazi, na najua huenda ni mara ya mwisho analipiga. Mwenyewe anaimba. Mimi naogopa hata huo wimbo. Tukitolewa wote wawili, tutakuwa watatu ndani ya nyumba hii na mgongo wa Waino mpaka barafu iyeyuke, na ile baa iko mwendo wa dakika nane. Akitolewa yeye nikabaki mimi, sitaweza kupokea simu hata moja. Nikitolewa mimi akabaki yeye, nitapiga magoti. Naona milango mitatu, na hakuna ambao ufunguo wake uko kwangu.

Usimpigie Tessa, tafadhali. Atadhani nimekulilia. Mwandikie tu barua ya kawaida, umwambie habari za mbwa.

Nisalimie Shemeji Orville, mwambie asipande ngazi, mmoja anatosha kwenye ukoo. Msalimie Janelle na bwana wake, na yule mtoto wao mpya ambaye sijamwona ila kwenye picha. Mama Eskola wa upande wa pili wa barabara anakusalimu, anasema bado ana bakuli lako. Waino anakusalimu. Tessa anakusalimu, hajui nimeandika nini.

Mungu akulinde na kifua chako, akupe usingizi na jua la kukutosha. Barua hii itakufikia Alhamisi au Ijumaa, wakati mambo ya kesho yameshakwisha, yamekwenda yalivyokwenda. Wewe omba hivyo hivyo, kwamba saa moja asubuhi ya Jumatatu nitakapofungua kinywa, maneno yatoke yangu mimi na siyo ya kadi. Mungu hangoji posta, maombi yako ya Ijumaa atakuwa ameshayapokea tangu Jumatatu.

Mdogo wako akupendaye, mwenye hofu na mwenye kukukumbuka,

Arlene